Samaki wa Isangi na Mashine Chini ya Meza

Ba mama, ba papa, mumeniita mbele leo, na mimi nikishasimama mbele naweza kusema mpaka majogoo ya Bengamisa yaitikie. Nitafupisha, maana mama mwenyekiti ameshaanza kunitazama.

Munakumbuka nilipomaliza shule ya jioni, upande wa informatique, mambo ya kompyuta. Cheti nilikitundika sebuleni, juu kuliko picha ya ndoa yetu, na bibi yangu hajanisamehe. Siku zile mimi ndiye niliyekuwa naweka ratiba ya mashua, na simu yangu ilikuwa inalia kuliko kengele ya kanisa. Tshopo nzima ilitaka kujua baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, itapakia lini Isangi. Sikio lilipata moto, ungeweza kuchoma ndizi juu yake. Bon, nikakitengenezea chama chetu hiki cha wafanyabiashara wa mtoni tovuti, yaani site: mashua gani inaondoka siku gani, na nafasi ya mizigo ikoje. Hata ba mama waliokuwa wanakimbia kompyuta kama nyoka walianza kusema, "Tuangalie kwanza."

Sasa, tovuti haikai hewani. Inalala ndani ya mashine ya mtu, na mashine hiyo haitakiwi kuzimika. Sisi wadogo hatuwezi kukodi mashine nzima, kwa hiyo tunapanga na wengine, kama parcelle, kiwanja kimoja chenye nyumba nyingi na bomba moja. Donc, kazi kubwa ni kumchagua mwenye parcelle. Hiyo kazi ya kupangisha, Wafaransa wanaiita hébergement.

Mimi nilimchagua vipi? Ndugu zangu, nawaambia, nilimchagua kwa sababu ni mtu wa kwetu. Tulikaa benchi moja shule ya jioni, yeye kijana ananiita tonton, yaani mjomba, na mama yake alinilisha pondu, majani ya muhogo, mpaka shingo ikanenepa. Aliponiambia anafanya hébergement, sikuuliza mashine yake iko wapi. Nani kati yetu anamuuliza ndugu swali la namna hiyo? Ni kama kufunua sufuria ya shangazi kabla hajakukaribisha.

Tovuti ikaanza kupotea. Leo ipo, kesho haipo, inarudi kama mume mtembezi. Kila nikimpigia, ndugu ananiambia ni réseau, mtandao unasumbua, nivumilie. Nikavumilia, kwa sababu ya pondu.

Halafu mwenye mashua mmoja akabadilisha safari, akaileta mbele. Nikaandika tangazo jipya, na tovuti ikazimika palepale. Kule Isangi ba mama walikuwa wamesoma tangazo la zamani. Walipojaribu tena haikufunguka, wakadhani hakuna jipya. Walishuka mtoni na samaki wabichi kwenye barafu, wakakuta maji matupu, mashua imeshaondoka.

Mama mmoja, yuko hapa na simtaji, alifika Kisangani kwa mashua iliyofuata. Hakunitukana. Aliweka kikapu juu ya meza yangu, akafunua jani.

"Papa, nusa."

Nilinusa. Harufu ile ingeweza kumwamsha mamba wa Barumbu. Mama akasema chama kikikutana atawaomba wote warudi kwenye mambo ya zamani, na asingependa kuniona tena karibu na ratiba. Kazi yote ya miaka, imani yote mliyonipa, ilikuwa ndani ya kikapu kile.

Nikakichukua, moja kwa moja mpaka kwa ndugu. Alinipokea vizuri, akaniagizia soda. Ndipo nilipoiona ile seva: kompyuta chini ya meza, inachangia umeme na congélateur, friji ya kugandishia samaki, ya bibi yake. Umeme wa mji ulikuwa umekatika, na groupe yake ndogo, jenereta, haikuweza kubeba vyote viwili. Waya wa kompyuta ulikuwa umechomolewa.

Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu bila aibu, kama mtu anayeeleza hesabu:

"Tonton, samaki inaoza. Site haiozi."

Nikaweka kikapu mbele yake, nikafunua jani.

"Nusa site yako, ndugu yangu."

Halafu akachomoa congélateur, akawasha mashine, akaninakilia mafaili yote.

Safari hii nilichagua kama tunavyochagua mashua. Pale beach, bandarini, hatumuulizi anayeita abiria, tunamuuliza anayeshuka. Nikawatafuta waliowahi kupanga kwenye kampuni mbalimbali wakahama, nikawauliza walihama kwa nini. Nikaziandikia kampuni siku ya Jumapili nione nani atajibu. Nikauliza mashine ziko wapi, umeme ukikatika nini kinaziendesha, na nakala inawekwa wapi pengine. Iliyojibu vizuri nikaijaribu kwanza na ukurasa mmoja tu, kama mtu anayetuma fungu moja la kwanga, mkate wa muhogo, kabla ya kupakia shehena. Jina la tovuti nimeliandikisha kwa chama, na nakala iko nyumbani kwangu, chini ya kile cheti.

Tangu hapo, mukifungua, inafunguka. Hata mvua ikinyesha mpaka viboko waombe mwavuli.

Namshukuru mama wa kikapu, aliyekubali kungoja kabla ya kuniombea hukumu, na leo ndiye wa kwanza kusoma ratiba. Nawashukuru nyote mlionivumilia.

Na ndugu? Ameacha hébergement, anauza samaki wa baridi. Juzi alikuja kuniomba nafasi ya tangazo kwenye tovuti yetu. Nilimpa. Kabla ya kumpa nilikwenda kwake, nikafungua congélateur mwenyewe, nikanusa.