Kicheko cha Kijiko

Benchi lenyewe ni mlango mkongwe uliolazwa juu ya matofali, nje ya ukuta wa chuo, pale Fundi Viatu anaposhonea. Zamani lilijaa hadi watu wakakalia upande mmoja wa tako. Sasa wamebaki watatu: Fundi mwenyewe; Redio, ambaye hazimiki; na Profesa, aliyeingia chuoni mara moja tu, kupaka rangi. Bi Moto ndiye mwenye birika la kahawa. Jioni moja walipata mgeni, mkutubi mpya wa chuo, amepakata redio ya kaseti kama mtoto mwenye homa.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, binti, akaitikia Fundi. Kaa, benchi halichagui makalio.

Mkutubi akaeleza shida yake. Chuoni kuna wageni wanaojifunza lugha yetu. Darasani wanashiba sarufi, lakini wakitoka nje mtu akawatania, wanadhani wametukanwa. Ndiyo maana mkutubi wa zamani, Mungu amtunze huko alikostaafu, alikuja hapa akarekodi mazungumzo. Maktaba ikawa inawaazima wanafunzi kanda zile, wasikie watu wanavyobishana bila kugombana.

— Sasa tunazihamishia kwenye kompyuta, akasema. Ila kila sauti lazima iwe na jina la mwenyewe. Isiyo na jina haitaazimwa tena. Itakaa stoo.

Akabonyeza. Zikatoka sauti zao wenyewe, changa, zikibishania iwapo jogoo anaijua alfajiri au anabahatisha. Fundi akaacha sindano ndani ya ngozi. Akajiona ana meno yote. Halafu kikaja kicheko kirefu, cha mtu anayepaliwa.

— Kijiko! wakaropoka wote.

Huyo alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari mpaka inapoa. Aliugua, akarudi kwao, na baadaye zikaja habari kwamba amefariki. Tangu hapo Fundi hajacheka hadi machozi. Moyoni alitaka kitu kimoja tu, kicheko kile kisiende kulala stoo na panya.

— Jina lake nani? akauliza mkutubi.

— Si ndilo hilo, Kijiko, akasema Fundi.

— La kupewa na wazazi.

Wakatazamana.

— Yule aliwakimbia wakwe, akaanza Redio. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo maana jina akalificha.

— Ufa na jina wapi na wapi? akacheka Bi Moto.

— Wote hamjui kitu, akasema Profesa. Kijiko alikuwa mwanafunzi wa kigeni. Alikuja kujifunza lugha, ikamnogea, akasahau kurudi.

— We Profesa, acha hizo! akadakia Bi Moto. Mgeni gani anatukana vizuri vile?

— Ndiyo ushahidi wenyewe! Mwenyeji gani anatukana kwa sentensi iliyonyooka? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tukapona, yeye akanasa.

— Basi labda hata kufa hakufa, akasema Redio. Alifaulu mtihani, akaenda zake.

Wakacheka. Fundi hakucheka.

— Kila alfajiri namwombea, akasema. Nasema, ee Mola, mrehemu Kijiko. Mola hajawahi kuniuliza Kijiko yupi. Andika hivyo hivyo, mwanangu.

— Mola anamjua, baba. Lakini mjukuu wake akija maktaba kutaka kumsikia babu, atamwulizia kwa jina la Kijiko?

Fundi akainamisha kichwa. Alijua kiatu cha Kijiko kiliisha upande gani. Alijua alivyoogopa radi, na alivyompenda mkewe akajifanya hampendi. Jina hakuwahi kuliuliza. Na angeanzaje, wakati walikuwa pamoja kila siku ya Mungu?

Mkutubi akaingiwa na huruma.

— Kanda nitaishikilia, nanyi mtafuteni mtu wa kwao. Kwa leo tuanze na mliopo. Baba Fundi, huyu uliyekaa naye anaitwa nani?

Fundi akamgeukia Redio, mtu aliyemsaidia kumshusha mama yake kaburini. Redio naye akamkodolea macho Fundi. Profesa akaanza kukagua kucha.

— Bi Moto, akasema Redio kwa sauti ndogo, hebu niongeze kahawa.

Bi Moto akainamisha birika juu ya kikombe. Halikudondosha hata tone.

— Imekwisha. Mjibuni mtoto wa watu.