Aliyeitika Kwenye Santuri

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo sianzi na muziki, nimekataa mwenyewe. Mimi Khaemba nimekuja kumkumbuka Jepkosgei, yule binti mwenye sauti katika kundi la Ndugu wa Elburgon. Alituacha wiki tatu zilizopita. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Ishirini na miwili tu, jamani.

Jepkosgei alizaliwa Elburgon, nyuma ya kiwanda cha mbao ambako babake, Mzee Kimaiyo, amebeba magogo mpaka bega likapinda. Mamake aliitwa Chepkemboi. Chepkemboi alifariki siku ile ile aliyomzaa. Lishikeni hilo, wasikilizaji. Jepkosgei hakuwahi kumwita mtu yeyote mama. Alilelewa na shangazi yake, Chepngeno, na hata huyo hakukubali kuitwa hivyo. "Mimi ni senge wako," alikuwa akimwambia, yaani dada ya baba. "Mama yako ni mmoja."

Yeye na kaka zake wawili, Kiplangat na Kiprugut, walianza kuimba kanisani. Santuri zao mbili za kwanza mnazijua: sauti tatu, na chepkong', kile kinanda cha nyuzi cha kwao. Mlizipenda sana. Mimi zilikuwa zinanitia usingizi, na Kiplangat nilimwambia hivyo usoni.

Basi mwaka huu wa elfu moja mia tisa hamsini na saba wakabadilika. Chepkong' ikatundikwa ukutani, likaja gita la umeme na mapigo ya rumba. Wakatengeneza albamu, santuri tatu ndani ya jalada moja kama kitabu. Jepkosgei wakati huo ameolewa Gilgil na kijana Kipketer, na ana mimba ya miezi mitano. Akaomba wimbo mmoja uwe wake.

Hapa nieleze kidogo kwa wasiojua. Kwao, mtoto akizaliwa, wanawake humtia ugoro kidogo puani. Kisha huita majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja baada ya jingine. Mtoto akipiga chafya, aliyetajwa ameitika, na jina hilo ni la mtoto. Huitwa waliokufa. Waliokufa peke yao.

Jepkosgei aliomba usiku na mchana mtoto wake apate jina la Chepkemboi. "Nikimpata nitamwita mama kutwa nzima mpaka Kipketer anifukuze," alikuwa akisema, huku anacheka. Akachukua ule mwito wa majina, akautia kwenye rumba uwe kiitikio.

Shangazi Chepngeno alikuja juu. "Huiti majina na mtoto hayupo. Sasa ataitika nani?"

"Ni wimbo tu, senge."

Walirekodi hapa Nakuru, katika chumba nyuma ya duka, saa nne asubuhi, mablanketi yametundikwa mlangoni. Fundi wa sauti alikuwa Bwana Saad. Wakaimba, wakasikiliza utepe. Baada tu ya jina la Chepkemboi ikasikika chafya. Chafya ndogo, ya mtoto mchanga. Chumbani hakukuwa na mtoto.

"Nilifuta, Bwana Khaemba," Saad aliniambia juzi. "Nikabadilisha maikrofoni. Wakageuza mpangilio wa majina, Chepkemboi akawa wa mwisho. Chafya ikamfuata huko huko mwisho. Mara ya tatu nikawaambia, nendeni nyumbani."

Kiplangat alitaka wimbo utupwe. Jepkosgei akasimama mbele ya mashine. "Nimemwita mama, ameniitikia. Halafu mnataka nimfute?"

Haukufutwa. Wengine mnao nyumbani, upande wa pili wa santuri ya tatu. Mliucheza harusini mkidhani ile chafya ni ufundi wa studio. Nami niliupiga hapa mara nyingi, na leo najuta.

Mwezi wa nane, Jepkosgei akajifungua msichana, Gilgil. Asubuhi wanawake wakakusanyika, ugoro ukatiwa. Jina la kwanza waliloliita, kwa ombi la mzazi, ni Chepkemboi. Mtoto kimya. Wakaita tena. Kimya. Wakaita mara saba, na Jepkosgei anasikia yote kutoka kitandani, chumba cha pili. Shangazi akaingia kumtazama. Kabla ya mazishi alisimulia kwamba alimkuta analia bila sauti.

"Ameshaitika, senge," Jepkosgei alisema. "Nilimwita mapema."

Wakarudi kwenye majina. Bibi wa huku, bibi wa kule, mpaka ukoo mzima ukaisha. Mtoto anawatazama tu. Shangazi alichoka, koo limemkauka. Akageuza uso kuelekea chumba cha pili, akapaza sauti: "Jepkosgei, umebakisha maji ya kunywa huko?"

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Kipketer anasema wanawake waliangaliana, kisha wakakimbia wote kwa pamoja. Walimkuta Jepkosgei ameshakata roho. Mkono wake ulikuwa bado na joto.

Wasikilizaji wapendwa, atakayeniambia analielewa jambo hili, sitamwamini. Najua kwamba mtoto yupo Elburgon sasa, kwa babu yake. Anaitwa Jepkosgei. Akilia, Mzee Kimaiyo hulitaja jina hilo mara moja, na mtoto hunyamaza. Mzee mwenyewe ndiye hulia baadaye.

Kwa Mzee Kimaiyo, kwa Kipketer, kwa Kiplangat na Kiprugut, na kwa shangazi Chepngeno ambaye hajaongea na mtu tangu mazishi, poleni sana. Mungu awape nguvu. Wimbo ule sitaupiga tena katika kipindi hiki.

Na wewe unayenisikiliza, kama mama yako yuko hai, zima redio. Nenda jikoni, au shambani, popote alipo. Mwite mama, umsikie akiitika.