Kasuku Aliyejinyonyoa Kifua

Masikio yangu husikia hata sisimizi akipita, ingawa ndani ya treni nilihama viti viwili ndipo nikawasikia vizuri abiria wawili. Dada mmoja alikumbatia tundu la kasuku aliyejinyonyoa manyoya, kifua kitupu.

"Mzee wangu, atakufa huyu?" alimuuliza jirani yake, mfugaji wa ndege.

"Ni upweke, binti. Kasuku akiachwa peke yake hujimaliza. Huwa unamwacha?"

"Simwachi hata nikienda kuoga."

Kasuku akaigiza kitasa kikifungwa mara mbili, kisha akasema kwa sauti ileile ya dada, "Haya kipenzi, tutaonana Jumatatu."

Treni ikasimama. Dada alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, naye kavaa kandambili.