Goti la Mkuu

Benchi la kijiwe hiki ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa shule, karibu kabisa na geti. Mtu mzito akiinuka bila kutoa taarifa, wepesi huenda chini. Upande mmoja kuna kinyozi mwenye kioo kimoja, kiti kimoja na methali zisizokwisha, ndiyo maana anaitwa Profesa. Upande wa pili yuko Mama Birika na jiko lake la mkaa. Katikati hukaa Tani Moja, dereva wa lori, ambaye jina lake halihitaji maelezo. Na pembeni, kati ya nyundo na viatu vya watu, hukaa fundi viatu aitwaye Risasi. Hilo ndilo jina linalohitaji maelezo, maana mwenyewe ana kitambi na hutembea kama mtu aliyeangusha sarafu. Lakini maelezo yapo, na hakuna aliyewahi kunywa kahawa pale asiyasikie. Wote wanne walisoma shule hiyohiyo wanayoiegemea kwa migongo. Asubuhi hiyo walikuwa na jambo zito: mwalimu mkuu wao wa zamani amefariki, kesho anaagwa uwanjani, na shule imeomba mtu mmoja wa kuzungumza kwa niaba ya waliosoma zamani. Mwalimu mmoja angepita kuchukua jina.

Risasi hakuona hata sababu ya kikao. Shati la kesho alikwisha kulipiga pasi.

— Nitasema mimi, — alisema, misumari midogo ikiwa bado mdomoni. — Hilo halina mjadala.

— Lina mjadala, tena mkubwa, — alijibu Profesa. — Mchagua jembe si mkulima.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia tu. Hatuchagui ovyo. Lazima asimame mtu anayemjua Mkuu ndani na nje.

— Basi ni mimi, — alisema Tani Moja, na benchi likalia. — Mimi habari zake ninazo tangu yuko chuo cha ualimu.

— Wakati huo wewe hujazaliwa!

— Mjomba wangu alikuwa amezaliwa. Ndiye aliyekuwa akipeleka unga pale chuoni kwa lori. Akiingia tu getini, Mkuu huyo, mbio sambamba na lori, mpaka stoo. Mjomba akifunga breki anamkuta kijana ameshafika, amekaa kwenye ngazi, anakula embe.

— Embe kalitoa wapi?

— Alilichuma njiani.

— Hilo dogo, — alisema Profesa, akipiga mkasi hewani. — Kwenye mashindano ya vyuo alikimbia mita mia nne. Waamuzi wakabonyeza saa. Kuinua vichwa, mtu keshamaliza! Wakamwambia rudia, hatukukuona. Akarudia. Hawakumwona tena. Haraka haraka haina baraka, wakampa kikombe chake ili watu waende wakale.

— Haraka haraka haina baraka, halafu akapewa kikombe?

— Kikombe si baraka, ni bati.

— Niwaambie kitu ambacho hamkijui, — alisema Tani Moja, akishusha sauti kama mtu wa usalama. — Daktari wa chuo alimpima. Akamkuta ana mapafu matatu.

Mama Birika aliacha kumimina.

— La tatu lilikaa wapi?

— Nyuma ya ini. Kwani hukuona alivyokuwa akila kidogo? Nafasi hakuna.

Walicheka, halafu kicheko kikawaishia vibaya. Ukweli ni kwamba walimpenda yule mzee mno. Na kile walichokijua kwa macho yao kilikuwa kinatosha bila pafu la ziada. Ofisini kwake kulikuwa na picha ya kijana mwembamba wa kaptula, kifua kimekata utepe, wa pili wake hata haonekani. Alikuja pale mwalimu kijana, akawa Mkuu, akazeeka palepale. Alimjua kila mtoto kwa mwendo, kabla hata hajauona uso.

Halafu kulikuwa na ile sheria yake ya wachelewaji. Fimbo hakuwa nayo. Watoto wote wakishaingia madarasani, yeye husimama getini, tai ameichomeka katikati ya vifungo vya shati, suruali ameikunja, miguuni raba. Ukifika umechelewa, unakimbia naye kutoka geti hadi mlingoti wa bendera. Akikushinda, unamwagilia miti jioni. Ukimshinda wewe, unaingia darasani na huulizwi kitu. Huulizwi ulikuwa wapi, huulizwi na nani, na mwalimu yeyote. Miti yote iliyo kando ya ukuta ule imekua kwa maji ya wachelewaji, nao hao wanne walimwagilia hadi wakaota sugu. Kwa maana Mkuu alikuwa hashindwi.

— Isipokuwa siku moja, — alisema Risasi, akatema misumari kiganjani. Sasa alikuwa amefika kwenye hadithi yake. — Nafika getini, huyu hapa. Ananiangalia. Ananiambia, haya, kijana. Tukaondoka! Mpaka katikati ya uwanja ananiongoza. Nikasema moyoni, leo ni leo. Nikakaza. Tukalingana. Nikakaza tena. Nikagusa mlingoti, yeye bado yuko nyuma anahema! Ndiyo maana naitwa Risasi. Kesho atasimama nani mwingine? Nyinyi wamwagilia miti?

Hadithi hii alikuwa ameisimulia kwa miaka mingi, na kila mara ilianzia getini. Alisubiri vicheko na "haya, bwana" za kila siku. Badala yake Tani Moja aligeuza kikombe chake mara mbili.

— Risasi, ndugu yangu. Usinichukie. Mimi pia nilimshinda.

— Ulimshinda kula?

— Mbio. Geti mpaka mlingoti. Peke yetu, mimi na yeye.

— Wewe? Wewe ukiinuka hapa sisi tunaanguka!

— Nilikuwa mtoto, si tani! Na nilinyamaza miaka yote kwa sababu mwenyewe aliniomba. Amefariki, sasa nasema. Aliniinamia pale mlingotini, akaninong'oneza: "Kijana, tafadhali, usimwambie mtu..."

— "...utanivunjia heshima yangu," — alimalizia Profesa.

Kijiwe kizima kikamgeukia. Profesa akaweka mkasi chini.

— Mmejuaje? — aliuliza Risasi. — Hayo ni maneno aliyoniambia mimi!

— Na mimi, — alisema Profesa. — Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nilichelewa, nikakimbia, nikashinda. Tena nilishinda vizuri, ila goti lilimbana karibu na maua.

— Goti? — alisema Tani Moja. — Kwangu pia lilimbana goti! La kulia.

— Kwangu la kushoto.

— Haiwezekani. Mtu ana goti bovu moja.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! — Profesa alinyoosha kidole juu. — Sasa mkuu ni yeye mwenyewe. Hakujisikiliza, ndiyo maana yakamvunjika yote mawili.

— Kwangu lilikuwa la kulia, — alisema Mama Birika taratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye jiko. — Alilishika hivi, akasema "aa!" Nikampita nimeshika viatu mkononi. Aliponiomba nisiseme nikafunga mdomo wangu. Si kama wewe, Risasi, uliyefika darasani ukapiga kelele kabla hujakaa.

Risasi alitazama kiatu alichokuwa akikishona kama hakukijua. Aliumia, na hakuwa na haja ya kujificha. Mtu amejenga nyumba ya maisha yake yote kwa tofali moja, halafu anaambiwa wapangaji walishaingia zamani. Jina lake lilikuwa hilo moja. Mkewe alimwita hivyo, wateja walimwita hivyo, na siku mambo yakimwelemea alijiambia mwenyewe: wewe, uliyemshinda Mkuu, utashindwa na hili? Na hakushindwa.

— Waongo nyinyi, — alisema. — Mtu hata hajazikwa, mnamgawana.

— Asiyekubali kushindwa si mshindani, — alisema Tani Moja.

— Tena mimi ndiye niliyemwacha mbali zaidi! — Profesa alisimama juu ya benchi. — Nimefika mlingotini, nimepumzika, nimeimba wimbo wa shule, ndiyo namwona anakuja.

— Mimi nilizunguka mlingoti nikarudi kumpokea! — alisema Tani Moja.

— Mimi nilikimbia kinyumenyume!

— Kahawa imekwisha, — alisema Mama Birika, akaliinamisha birika ili waone. — Na msemaji hatujapata.

Hapo ndipo geti lilipofunguliwa, akatoka mwalimu mmoja kijana, mwanamke, chaki bado vidoleni. Alikuwa amehamia shule ile juzijuzi, naye hakuwahi kumwona Mkuu hata kwa picha.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, — waliitikia wote.

— Nimetumwa jina la msemaji wa kesho. Ni nani?

— Mimi, — walisema wanaume watatu kwa pamoja. Mama Birika hakusema, ila hakutikisa kichwa pia.

Basi wakamweleza. Walimweleza wote kwa mkupuo: geti, mlingoti, raba, tai, goti la kulia, goti la kushoto, pafu la tatu. Profesa alimwonyesha kwa miguu yake namna Mkuu alivyokuwa akichomoka, na alipofika kwenye kile kiti cha kunyolea akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni, akakaa. Mwalimu alisikiliza kwa adabu, akimtazama huyu na huyu, mpaka walipoishiwa pumzi.

— Nimeelewa, — alisema. — Kwa hiyo kila mmoja wenu alimshinda mara moja tu, kati ya siku zote alizochelewa.

— Mara moja tu! — alisema Risasi. — Kwangu, mara moja!

— Na siku hiyo mlichelewa kwa nini?

Aliuliza hivyo tu, kama mtu anavyouliza saa ngapi. Risasi alifungua mdomo kumjibu, maana tangu lini Risasi akakosa jibu. Akakuta hadithi yake haina sehemu hiyo. Yake ilianzia getini.

Kabla ya geti kulikuwa na nyumba. Kulikuwa na kitanda cha mama kilichotandikwa vizuri kupita kawaida, na kanga zake hazipo msumarini. Alikuwa ameondoka, na hakurudi. Yeye, mtoto wa darasa la tano, aliwasha moto, akawapikia wadogo zake uji ukaungua, akawanywesha hivyohivyo, akamkabidhi jirani kichanga, akavaa viatu vya baba vilivyomwachia nafasi ya kidole mbele na nyuma. Kwa viatu vile alishuka barabara ya shule. Na pale getini alisimama mtu anayemjua kila mtoto kwa mwendo, akimtazama anavyokuja tangu mbali.

Kwa viatu vile, Risasi! Mtu wa mita mia nne umshinde kwa viatu vya baba!

Aliwatazama wenzake akitafuta wa kumcheka. Tani Moja alikuwa amezama ndani ya kikombe kitupu. Mama Birika alifunika makaa ambayo hayakuhitaji kufunikwa. Na Profesa, kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, methali haikumjia. Nao walikuwa na nyumba zao kabla ya geti, na hakuna aliyewahi kuzitaja, hata siku ambazo kahawa ilikuwa nyingi. Ndipo Risasi alipoyajua yale magoti. Hayakuwa na ugonjwa wowote. Moyo ulimjaa, akampenda yule mzee upya, kwa nguvu kuliko siku alipopata habari kwamba amefariki.

Mwalimu alikuwa bado anasubiri.

— Mwalimu, — alisema Risasi, akaweka kiatu chini. — Ile sheria tumekueleza. Sisi tulioshinda hatuulizwi.

Lile "sisi" walilisikia wote. Tani Moja aliinua macho kutoka kikombeni. Mama Birika alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akasingizia moshi.

— Sawa, — alisema mwalimu polepole. — Basi sitauliza. Lakini jina nipeni, wananisubiri.

— Andika Mama Birika, — alisema Risasi. — Ndiye aliyetunza siri vizuri kuliko wote.

— Mimi kesho nitakuwa nalia, siwezi kusema, — alijibu Mama Birika. — Mpe Risasi.

— Risasi, — alisema Profesa.

— Risasi, — alisema Tani Moja. — Shati lake limeshapigwa pasi.

— Haya. Na nikimtambulisha mbele ya watu, niseme yeye ni nani?

Risasi alitaka kusema fundi viatu, inatosha. Tani Moja akamuwahi. Aliinuka taratibu, kwa tahadhari, benchi lisiangushe mtu, akamwekea mwenzake mkono begani.

— Sema, — alimwambia mwalimu, — huyu ndiye mtu pekee aliyewahi kumshinda Mkuu mbio.

Mwalimu akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyebisha.