Mama Nerima Aliyeipa Kila Siku Lugha Yake

Waombolezaji, wageni mliotoka Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, na nyinyi wajomba mlioikumbuka njia ya Rubongi leo baada ya miaka mingi, familia inawasalimu na kuwaomba mtulie, kwa sababu maisha haya hayasomwi kwa sauti ya unyonge.

Marehemu Mama Anjeline Nerima alizaliwa tarehe 3 Mei 1944 huko Masafu, akasoma hapo hapo hadi darasa la nne, ada ilipoelekezwa kwa kaka zake, ambao matokeo yao tutayanyamazia, na tarehe 14 Desemba 1963 akafunga ndoa kanisani na mzee Osborn Okochi wa hapa Rubongi, wakajaliwa Patricia na Clifford. Tangu 1971 alikaa Busia akiuza mukene sokoni, wale samaki wadogo ambao ng'ambo wanawaita omena.

Mwaka 2014 dada yake Elinah alisahau majina ya watoto wake mwenyewe, na Mama, aliyekuwa akimwosha na kumlisha, alirudi Busia na hofu moja tu, kwamba akili itamtoka yeye pia, watu wengine waanze kumwamulia. Basi akajiwekea sheria, kwenda sokoni kwa miguu akibadilisha njia, jioni kucheza bao la omweso na jirani yake mzee Okwi, ambaye bado anauguza vipigo, na kila siku kuipa lugha yake, Jumatatu Lusamia, Jumanne Dhopadhola, Jumatano Ateso, Alhamisi Luganda, Ijumaa Luo, Jumamosi Kiswahili, Jumapili Kiingereza cha darasa la nne, na mteja asiyejua lugha ya siku aonyeshe kwa kidole.

Jumatano tarehe 16 Machi 2022, Clifford alifika kutoka Kampala na suti yake, akamuuliza mamake kama amekula, akajibiwa Ateso, akauliza tena, akajibiwa Ateso ndefu zaidi, na badala ya kuuliza jirani akapigia simu ukoo mzima, "Mummy is gone, kichwa kimeisha, mimi namtoa huku," akaamuru kibanda kifungwe, Mama akakae Kampala ndani ya geti. Wenye digrii tuko wengi humu, wengine tunazifungia mandazi, lakini kosa kama hilo linahitaji elimu kubwa.

Kikao kikaitishwa Jumamosi, Mama akamwacha amalize, kisha akamwambia kwa Kiswahili, "Wewe kijana, ulikuja Jumatano. Leo nakusikia vizuri, na jibu ni hapana," mzee Okwi akaangua kicheko, akaeleza kwamba siku ile Mama alijibu kuwa amekula, na kwamba suti inambana mwanawe tumbo. Case closed. Tangu hapo Clifford alipiga simu kila Jumatano kujaribu Ateso, vibaya sana.

Mama aliuza mpaka Oktoba mwaka huu, nimonia ikamlaza hospitalini Tororo, ambako Ijumaa daktari alimuuliza leo ni siku gani, akajibiwa Luo, nesi Anyango akatafsiri akicheka, "Anasema ni Ijumaa, na wewe umechelewa." Alitutoka Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, akili zake zote nyumbani, na lile aliloliogopa halikumpata, full stop.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani, na wauza mukene wenzake wa pande zote mbili za mpaka. Clifford ameomba neno la mwisho liwe lake, na tangu jana anafanya mazoezi ya kumwambia mamake asante sana kwa Ateso, kwa kuwa leo ni Jumatano.

Pumzika kwa amani, Mama, umeshinda. Eyalama noi, toto.