Ametajwa Mara Elfu Kumi na Moja

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja. Limekaa kati ya jiko langu la kahawa na meza ya Fundi Saa, na mwenye haraka zake hakai hapo. Wenyewe ni wawili. Redio aliendesha lori mpaka macho yakakataa. Mdomo bado unaendesha. Wakili hakusomea sheria, alifagia mahakama miaka kumi na tisa, na vumbi la kesi zote likamwingia kichwani. Fundi hasemi sana. Lakini Jumamosi ile aliweka bisibisi chini, akatoa karatasi ya mwaliko iliyokunjwa mara nne. Binti yake, mtafiti wa virusi vya Ukimwi, kesho anatunukiwa tuzo kwenye chuo anachofundisha, na baba ametakiwa asimame dakika tano aeleze kazi ya mwanawe. Alikuwa hajaandika hata neno.

— Soma tena hapo, alisema Redio.

— "Kazi zake zimetajwa na watafiti wenzake mara elfu kumi na moja na mia nne."

— Toba!

— Fundi, ndugu yangu, alisema Wakili, akishusha sauti kama yuko msibani. Mimi nimefagia mahakama. Jina likitajwa mara nyingi hivyo, mwenye jina hulala rumande.

— Acha ujinga, nikamwambia. Hapa kwangu sheria ni ipi? Mleta habari haonji kahawa mpaka aseme kaipata kwa nani.

— Tangu Redio alipomuua mwoka mikate kwa mdomo, alidakia Wakili.

— Niliambiwa! akalalama Redio.

— Tukaenda na vilio vyetu, marehemu akatufungulia mlango mwenyewe, unga mpaka kwenye nyusi.

— Basi na watafiti sheria yao ndiyo hiyo, nikasema. Ukitumia maneno ya mwenzio, mtaje. Binti anatajwa kwa sababu watu wanachota kwake.

Fundi akaandika: wanachota kwake. Tungeishia hapo tungekuwa watu wa maana, ila Redio alishakunywa vikombe viwili.

— Hawahesabu bure hao. Ikifika elfu kumi na mbili, unapewa kirusi chako. Kinaitwa jina lako.

— Nani kakwambia? nikamuuliza, birika mkononi.

— Nimefikiri mwenyewe.

— Basi kunywa maji.

Lakini Fundi alishaacha kalamu.

— Jina la binti yangu ni la marehemu mama yangu.

— Ndiyo hivyo tena, alisema Wakili. Mtu atakwenda kupimwa, daktari amwambie: pole, bwana, una mama yake Fundi.

— Wakili, nyamaza! alisema Fundi.

— Asinyamaze, nikasema. Mama yako nilimjua. Akishaingia kwa watu, kutoka ilikuwa kazi.

Hata Fundi alicheka. Hapo ndipo tulipomwona mama mmoja, mgeni kwetu, amesimama na saa ya ukutani kaifunga kwenye taulo. Sijui alikuwa amesikiliza tangu saa ngapi.

— Samahanini. Hao wote wanaomtaja huyo binti, yeye alisema nini?

Redio akamtazama Wakili. Wakili akatazama ndani ya kikombe. Nami nikapuliza makaa yaliyokwishawaka.

— Mambo ya damu, alijaribu Redio.

— Damu imefanya nini?

— Imo mwilini.

Fundi aliikunja karatasi yake, akaikunjua.

— Miaka ishirini na mbili yuko kwenye kazi hii. Akipiga simu namuuliza amekula? Huko baridi? Anakuja lini? Nikiuliza kazi, anasema nzuri. Nami nasema, haya basi.

— Wewe kesho salimia wageni, alisema Wakili. Mmoja mmoja, kwa vyeo vyao. Dakika tano zitakwisha zenyewe.

— Watu wote hao wanajua alichosema mwanangu. Mimi nikasalimie wageni?

Akachukua simu. Masikio yake mazito, sauti huifungua yote, kwa hiyo hatukuhitaji kutega sikio.

— Shikamoo, baba. Shati limeshapigwa pasi?

— Marahaba. Shati lipo. Mama, hivi wewe uligundua nini?

Kwenye simu tukasikia kiti kikivutwa.

— Ni virusi, baba. Niligundua vinakojificha mwilini dawa zikiingia. Lakini maelezo yake marefu. Si una mteja hapo?

Fundi akamtazama yule mama. Mama akamsogeza Redio kwa kiwiko, akaketi, akaiweka saa yake mapajani, uso chini.

— Sina, alisema Fundi, akavuta kalamu. Anza mwanzo.