Siku Tembo Walipofunga Njia ya Mbololo

Bwana asifiwe! Jamani, hiyo amina ni ya watu ambao hawajanywa chai. Ndugu zangu, nasema Bwana asifiwe! Haya, sasa mmeamka.

Mimi ni Mama Wakesho. Wengi mnanijua, na wageni wetu kutoka Voi mjini watanijua leo. Lile gunia la mahindi mnaloliona pale mbele, kati ya malimbuko ya wenzangu, ni langu. Najua kuna mtu anajiuliza, huyu mama aliomba nafasi atushuhudie habari za binti yake kwenda chuo kikuu, mbona anaanza na mahindi? Tulieni, nitafika. Mchungaji amenipa dakika chache na mimi nimemwitikia amina, lakini ananijua.

Ndugu zangu, mnajua shamba letu hapa Mbololo liko wapi. Ukivuka lile korongo letu, mbele yako ni nyika tu kuelekea Ndara, na nyika ile ina wenyewe. Tembo wamekula mahindi yangu tangu niolewe. Unapanda, unapalilia, unaanza kuhesabu utachemsha lini, kisha wanapita mara moja na shamba linabaki kama uwanja wa mpira.

Wakati Wakesho yuko shule ya msingi, Baba Wakesho alitoka alfajiri kuwafukuza kwa kugonga debe, kama tunavyofanya sote. Tembo mmoja hakujali debe. Alimsukuma chini, akamvunja mguu. Mungu alimhifadhia uhai wake, jina lake libarikiwe, lakini mguu ule mpaka leo unatembea kivyake. Na aliyekuwa akimsafisha baba yake kidonda ni huyu mtoto. Hakukunja uso, hakulia. Alikuwa na mikono mipole hata baba yake akawa ananikataa mimi anamwita yeye.

Basi akina mama wa kanisa hili wakaanza kumwita Sista. "Sista wetu hajambo?" "Sista amekua!" Hata mimi nikawa namwita hivyo. Mtoto bado ana sare ya shule, sisi tumeshamvisha sare ya unesi.

Akamaliza kidato cha nne. Matokeo yakatoka, B! Nilipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mama Mghoi, mwenyekiti wetu wa akina mama, alikuja na kuku mkononi akasema, "Sista, mimi uzeeni sindano nitadungwa na wewe, sitaki mtu mwingine." Wakesho akacheka, akapokea kuku kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Nikadhani ni heshima.

Ndugu zangu, wazazi wote mliokuwa na watoto wa kidato cha nne mnajua kinachofuata. Tovuti ya serikali ya kuchagua kozi ikafunguliwa. Wakesho akaenda shuleni kwao, mwalimu akawasaidia kujaza. Aliporudi mimi nilikuwa nakata sukuma wiki. Nikamuuliza, "Unesi umeweka wa chuo gani?"

Akavuta kigoda akakaa. "Mama, ya kwanza sikuweka unesi. Nimeweka usimamizi wa wanyamapori."

"Wanyama gani?"

"Tembo, mama. Hasa tembo."

Wapendwa, kisu kilibaki hewani! Nikamwambia, tembo hawa hawa waliomvunja baba yako? Akasema ndio hao. Nikamgeukia Baba Wakesho pale kwenye kiti chake, amenyoosha ule mguu. Akaangalia chini tu. Nikajua basi, mzee yuko upande wangu.

Mlinisikia nikipiga kelele siku ile, msijifanye. Lakini haikuwa hasira. Ilikuwa hofu. Usiku na mchana nilikuwa namwona mtoto wangu wa pekee amelala nyikani kama nilivyomkuta baba yake shambani. Nilikuwa nikisikia tawi limevunjika nje, moyo unaruka. Nilikuwa nikiona picha ya tembo kwenye pakiti ya kiberiti, naigeuza. Kwa hiyo nikamwambia, mwanangu, tovuti itafunguliwa tena kwa wanaotaka kubadilisha, nawe utabadilisha, uweke unesi.

Akasema, "Sawa, mama."

Hakubishana. Hakununa. Alichota maji, alifua, alipika. Lakini aliacha kuimba. Mnamjua Wakesho, huyu huimba hata akichambua maharagwe! Nyumba ikawa kimya, nikawa nasikia kuku wakitembea. Nilijiambia itapita.

Tovuti ikafunguliwa tena. Sasa sikilizeni tulichofanya, maana hakuna watu wengine duniani wangefanya hivi ila sisi. Wazazi wengine walikimbia siku ile ile. Sisi akina mama tukasema, jambo kubwa hivi haliguswi bila mfungo. Tovuti imefunguliwa, sisi tumefunga! Tukafunga na kuomba, tukafunga na kuomba, Mama Mghoi akiwa mbele. Tulipokuja kumaliza mfungo na kunywa uji, ilikuwa imebaki siku moja tu. Jioni ya siku hiyo tovuti inafungwa, na kilichoandikwa kimeandikwa.

Ilibidi twende Voi mjini, kwenye saiba, pale pa kulipia intaneti. Simu yangu ni ya kubonyeza, na ile ya Baba Wakesho kioo kimepasuka mpaka huoni kama unampigia fundi au shemeji. Asubuhi Maghanga akaja na bodaboda yake. Mama Mghoi naye akaja kutuombea safari. Tukashikana mikono uani, na mimi mwenyewe nikaomba kwa sauti kubwa: "Bwana, kama safari hii si mapenzi yako, funga njia!"

"Amina!" akasema Mama Mghoi, akapiga mguu chini.

Nani humu hajaomba hivyo? Tunaomba tukienda sokoni, tukienda hospitali, tukienda kuposa. Kwetu ni kama kuagana tu. Hakuna anayetarajia kweli kwamba njia itafungwa!

Tukapanda, Wakesho katikati, mimi nyuma. Tulivuka korongo. Tulipofika pale kwenye kona ya miiba, Maghanga akashika breki nikagonga mgongo wa mwanangu kwa kidevu. Nikachungulia. Njia nzima, wapendwa, kutoka kichaka hiki mpaka kichaka kile, ni tembo. Wakubwa, wadogo, na kamoja kadogo kabisa kanapita chini ya tumbo la mama yake.

Mchana kweupe! Hawa si watu wa mchana!

Maghanga akataka kupiga honi. Wakesho akamshika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Usipige. Zima pikipiki." Nilishangaa. Ile haikuwa sauti ya "sawa, mama". Maghanga ni mtu mzima ana watoto, na alizima, tukashuka.

Ndipo tembo mmoja jike akageuka. Akatanua masikio, akainua kichwa, akatujia. Ndugu zangu, nilisahau maombi yote! Nilifunga, niliomba, nimeongoza ibada za akina mama, lakini pale lililonitoka ni "Weeh! Weeh! Weeh!" Miguu ilitaka kukimbia. Wakesho akanikamata mkono, akaubana, akaniambia, "Mama, usikimbie. Rudi nyuma pole pole na mimi. Ana mtoto, anatutisha tu." Akatuvuta taratibu kuelekea upande ambao upepo ulikuwa unatupiga usoni, asipate harufu yetu, mimi na Maghanga tunamfuata kama vifaranga. Yule tembo akasimama. Akatikisa kichwa, vumbi likaruka. Akatuangalia. Kisha akageuka akarudi kwa mwanawe.

Haleluya! Aliyeziba vinywa vya simba ndiye aliyemsimamisha yule tembo! Na mkono alioutumia, nawaambia, ulikuwa wa mtoto wangu. Ulikuwa mkono ule ule mpole uliosafisha kidonda.

Tukakaa nyuma ya mwamba tukingoja. Na mimi nilipopata pumzi, nikaacha kuwaangalia tembo, nikamwangalia Wakesho. Alikuwa anawatazama. Alikuwa anatuonyesha kwa kidole, yule jike mzee ndiye anayewaongoza, yule ana jeraha la zamani mguuni, wanakwenda kwenye maji kwa sababu bwawa la upande ule limekauka. Na katikati ya kusema, bila kujua, mtoto akaanza kuimba. Wimbo wetu wa kanisa, pole pole, kwa pua.

Hapo ndipo Bwana aliponishukia. Sikusikia sauti kutoka mbinguni, msiongeze chumvi mkienda kusimulia. Nilisikia tu mwanangu anaimba. Nikakumbuka maneno niliyoyasema uani asubuhi kwa kinywa changu mwenyewe, nikaangalia njia ilivyojaa. Nikalia, wapendwa. Nililia mpaka leso ikalowa, na Maghanga akadhani ni woga akanipa maji.

Tembo wakapita mmoja mmoja, njia ikabaki nyeupe. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Maghanga akawasha pikipiki, akasema, "Mama Wakesho, bahati! Njia imefunguka, saiba tunafika mapema."

Nikasema, "Geuza, turudi nyumbani."

"Lakini njia ni wazi!"

"Nimeiona. Geuza."

Wakesho akanigeukia. Nikamwambia, "Mwanangu, nilimwomba Mungu afunge, na amefunga. Ulichoandika kimeandikwa." Akaweka kichwa chake hapa begani kwangu, akalia na yeye. Maghanga maskini akabaki na wanawake wawili wanaolia na mafuta yamepungua bure. Mungu akubariki, Maghanga, nakuona pale.

Tulipofika, Baba Wakesho alikuwa kwenye kiti chake. Akauliza, "Mmeshabadilisha?" Nikamwambia hatujabadilisha, na hatutabadilisha. Yule mzee akafunika uso kwa kofia. Nikafikiri amekasirika. Kumbe anacheka, kumbe analia, vyote pamoja! Akasema, "Mguu uliovunjwa ni wangu. Mmefunga kwa ajili ya mguu wangu, mmeomba kwa ajili ya mguu wangu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Mimi nilipokuwa nimelala hapa, ninyi mlikuwa mnauliza ni nani atakayewaua wale tembo. Huyu mtoto alikuwa anauliza walifuata nini."

Ndugu zangu, mzee alikuwa na haki. Nikaenda jikoni nikamchinjia kuku.

Ile hofu iliondoka siku hiyo. Mimi ni mtu niliyekombolewa! Tawi likivunjika nje sasa nasema tu, wamepita wenyeji. Msinielewe vibaya, sijageuka mpenda tembo. Wakinikuta shambani nitawatukana kwa Kidawida chote ninachokijua. Lakini silali tena nikimwona mwanangu amekufa. Ninalala, na Baba Wakesho atawaambia kwamba hata nakoroma.

Wakesho akaitwa chuoni kwa kozi ile ile. Siku ya kumpeleka, Mama Mghoi alikuja na kuku mwingine. Alikuwa amenuna kidogo, hilo la sindano bado halijamtoka. Lakini alimwekea mikono kichwani akasema, "Haya basi, Sista wa tembo." Na jina hilo limeshika, hata huko chuoni wanamwita hivyo.

Sasa nafika kwenye mahindi. Wakesho alikuja likizo ndefu, akamkalisha baba yake, wakachora chini kwa kijiti. Wakaning'iniza mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba letu, kama wanavyofanya majirani wa upande ule mwingine wa Voi. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka kumuuliza anataka nini. Na tembo, na ukubwa wake wote, anamwogopa nyuki! Baba Wakesho anachechemea kwenye mizinga yake kila asubuhi kama kijana aliyepata kazi. Msimu huu tembo walikuja, waligusa waya, wakapiga kelele, wakaondoka. Kona moja waliivunja, siwezi kusema uongo madhabahuni. Lakini wapendwa, tangu niolewe, hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuleta malimbuko kutoka shamba lile! Ndiyo maana nilianza na gunia. Mahindi haya yamefika hapa kwa neema ya Mungu na kwa kozi niliyotaka kuifuta.

Wazazi mlio na watoto waliomaliza kidato cha nne, tovuti inafunguliwa hivi karibuni. Najua mnaogopa. Mwombeni Mungu, na mfunge kama mnataka kufunga, lakini tafadhali msifunge mpaka siku ya mwisho! Mkabidhini watoto wenu. Mkono uliomsimamisha tembo hautashindwa na mtoto wako. Wakesho yuko pale nyuma. Baada ya ibada atakaa na yeyote anayetaka ushauri. Njoo, ila njoo na mtoto mwenyewe, umwache azungumze, na baba yake pia aulizwe.

Mimi siku hizi nikimwombea simwambii tena Mungu afunge wala afungue. Nasema, Bwana, njia ni yako na mtoto ni wako, mimi nipe masikio ya kumsikia akiimba. Asubuhi ya leo alikuwa ananisaidia kupukuchua haya mahindi, na aliimba mpaka gunia likajaa.

Bwana apewe sifa, na ninyi mkale vizuri mchana wa leo.